Lambda kwenye Njia ya Misafara

Tarehe 7 Novemba 1857 msafara wa Waingereza Richard Burton na John Speke uliingia Kaze, mtaa wa wafanyabiashara ambao leo umo ndani ya Tabora. Aliyewapokea ni Snay bin Amir, Mwarabu wa Oman. Wanyamwezi waliokuwa wakishuka pwani na pembe za ndovu hawakuhitaji kuambiwa Unyanyembe, nchi iliyozunguka Kaze, iko wapi. Njia waliijua kwa miguu yao. Wachora ramani wa London ndio waliohitaji namba mbili: latitudo, ambayo wanasayansi huiandika kwa herufi ya Kigiriki phi (φ), na longitudo, inayoandikwa lambda (λ).

Phi haikuwa na taabu kubwa. Mtu hupima kwa sekstanti kimo cha nyota inapofika juu kabisa, kisha hupiga hesabu. Lambda ndiyo iliyosumbua, kwa sababu longitudo ni suala la saa: lazima ujue saa ya hapo ulipo na saa ya Greenwich kwa wakati mmoja. Ukikosea dakika nne tu, umekosea nyuzi moja nzima, na huku karibu na ikweta hizo ni kilomita 110 hivi. Kronomita, yaani saa za usahihi mkubwa, za Burton na Speke ziliharibika safarini. Ilibaki njia ya kupima umbali wa mwezi na nyota, yenye hesabu ndefu za kuchosha.

Hata hivyo, ndugu yake lambda alikwisha kufika Tabora zamani. Lambda na lam ya Kiarabu (ل) zote zimetokana na herufi moja ya Wafoinike, na mpaka leo zina thamani moja ya namba: 30 kwa hesabu ya Wagiriki wa kale, 30 katika abjadi ya Kiarabu ambayo wataalamu wa falaki wa pwani wanaitumia. Kwa hati hiyo ya Kiarabu wafanyabiashara waliandikiana barua kati ya Unyanyembe na Unguja, na kwa hati hiyohiyo mfanyabiashara Tippu Tip aliandika maisha yake kwa Kiswahili.

Kwingineko lambda ina kazi nyingine. Katika fizikia ni urefu wa wimbi. Katika kompyuta imebaki jina la mtindo wa hesabu alioubuni mwanahisabati Alonzo Church miaka ya 1930. Lakini hakuna mahali ilipobebwa kwa jasho kama huku. Oktoba 1873 Chuma, Susi na wenzao waliomhudumia msafiri David Livingstone walifika Unyanyembe wakiwa na mwili wake, shajara zake na vyombo vyake vya kupimia. Verney Lovett Cameron, msafiri Mwingereza waliyemkuta hapo, alichukua baadhi ya vyombo hivyo, akaendelea navyo magharibi. Vitabu vya ramani vinamtaja mpimaji. Waliobeba masanduku hawatajwi, nami naona hiyo ni dhuluma.

Leo tunajua lambda ya Tabora ni nyuzi 32.8 mashariki, ilhali saa zetu zinafuata nyuzi 45. Ndiyo maana jua la Tabora hufika juu kabisa, kwa wastani wa mwaka, saa 6 na dakika 49. Walimu wa jiografia wa Tabora, simamisheni fimbo uwanjani, mkipime kivuli pamoja na wanafunzi wenu, na mkiwa kwenye somo hilo watajeni Chuma na Susi.