Kanisa Lililo Nyumbani Mwako



Katika parokia zetu za Beni na Butembo, familia moja baada ya nyingine hupata zamu ya kufagia uwanja wake, kutandika kitambaa cheupe juu ya meza ndogo, kuweka msalaba na mshumaa, kisha kuwangoja majirani. Sisi huita mkutano huo shirika. Ndugu zetu wa Tanzania na Kenya husema jumuiya ndogondogo. Ninyi mmezaliwa mkaukuta, na wengi wenu mnaudhani kuwa jambo la kina mama na wazee, lenye kuziba pengo pale padri anapokuwa mbali. Historia haisemi hivyo. Tuifuate kidogo, tukianza mbali ili tufike hapa kwetu.

Wakristu wa kwanza hawakuwa na majengo ya ibada. Walikuwa na nyumba za watu. Someni sura ya 12 ya Matendo ya Mitume: Petro ametoka gerezani usiku, naye anakwenda moja kwa moja nyumbani kwa Maria, mama yake Yohane Marko, maana anajua kwamba ndiko waamini wanakosali. Anabisha. Mtumishi Roda anaitambua sauti yake, lakini kwa furaha anasahau kufungua mlango. Nao waliokuwa wakisali wanamwambia kwamba ana wazimu. Wahubiri wengi hucheka kidogo wanapofika hapo. Sisi wa Beni hatuhitaji kuelezwa kwa nini watu waliojifungia ndani usiku husita mlango unapobishwa. Nyumba ile ilikuwa kanisa, na kuwa kanisa kulikuwa hatari kwa mwenye nyumba.

Wenyeji wa nyumba hizo hawakuwa watu wa namna moja. Lidia wa Filipi alikuwa mfanyabiashara wa nguo za zambarau, na mara alipobatizwa aliwasihi Paulo na wenzake waingie kwake wakae. Nimfa anatajwa katika Waraka kwa Wakolosai kwa sababu moja tu: Kanisa lilikutana nyumbani mwake. Lakini mfano unaotugusa zaidi ni wa Priska na Akila. Hao walikuwa wakimbizi. Kaisari Klaudio aliwaamuru Wayahudi waondoke Roma, nao wakafika Korinto na kujitafutia riziki kwa kushona mahema. Baadaye tunawakuta Efeso, na Kanisa liko nyumbani mwao. Tunawakuta tena Roma, na huko pia Kanisa liko nyumbani mwao. Watu waliofukuzwa kwao ndio waliowakaribisha wengine, na kila walipohama Kanisa lilihama nao. Mtu akiwaambia kwamba aliyehamishwa na vita hana la kutoa katika shirika, mkumbusheni majina hayo mawili.

Tusiipambe historia, hata hivyo. Nyumba ilileta pia matatizo yake, na Paulo aliyaona mapema. Huko Korinto waamini walikutana kwa Meza ya Bwana, lakini wenye chakula walitangulia kula, wengine wakabaki na njaa, na wengine wakalewa. Katika sura ya 11 ya waraka wake wa kwanza anawakemea vikali kwa kuwaaibisha wasio na kitu. Waraka mfupi kwa Filemoni unakwenda mbali zaidi. Haukuandikwa kwa Filemoni peke yake, bali pia kwa Kanisa lililo nyumbani mwake; maana yake ni kwamba ulikusudiwa kusikiwa na watu wote waliokutana sebuleni kwake. Na unahusu nini? Unahusu Onesimo, mtumwa wa nyumba hiyohiyo, ambaye Paulo anamrudisha akiomba apokelewe kama ndugu mpendwa. Fikirini juu ya mwenyeji akisikiliza maneno hayo mbele ya wageni wake! Na tujiulize, sisi tulio na msichana wa kazi au yatima wa ukoo anayelelewa kwetu: je, wakati wa shirika huketi pamoja nasi na kusikiliza Injili, au yuko nyuma ya nyumba akichota maji?

Majengo yalikuja polepole, nayo yalitokana na nyumba. Kule Dura Europos, mji wa kale kando ya mto Efrati nchini Siria, wachimbaji wa miaka ya 1930 walifukua nyumba ya kawaida iliyogeuzwa kuwa kanisa yapata mwaka 240. Ukuta kati ya vyumba viwili ulikuwa umebomolewa ili watu waenee, na chumba kingine kilikuwa na birika la ubatizo na michoro ukutani, ukiwamo wa Mchungaji Mwema. Kilichofanyika huko ni kile kile baba wa familia anachofanya kwetu anapotoa kitanda na makabati nje ili majirani wapate nafasi.

Sasa tuje nyumbani. Mapadri Waasumpsionisti walifika katika nchi yetu mwaka 1929. Mwaka 1938 Beni ikawa vikarieti chini ya Monsinyori Henri Piérard, na mwaka 1959 ikawa jimbo. Misheni ya nyakati zile ilikuwa kama kijiji chenyewe: kanisa kubwa, shule, zahanati, karakana, na nyumba ya mapadri katikati. Mkristu alikwenda misheni. Katika vilima vya mbali alikuwapo katekista na kikanisa chake cha miti na majani, ambacho siku za juma kilikuwa darasa. Hatuidharau kazi hiyo. Sisi wakatekista wa leo ni wajukuu wake. Lakini uzito wote wa Kanisa ulikaa mahali pamoja, mikononi mwa wageni.

Udhaifu wa mpango huo ulionekana uhuru ulipofika. Mwishoni mwa mwaka 1961, nchi ikiwa na uhuru wa mwaka mmoja na nusu tu, maaskofu wa Kongo walikutana Léopoldville katika mkutano wao mkuu wa sita, wakachagua jumuiya hai za Kikristu ziwe njia ya utume nchini mwetu. Zingatieni tarehe hiyo. Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulikuwa haujafunguliwa. Ulianza tarehe 11 Oktoba 1962. Mkutano wa maaskofu wa Amerika ya Kusini huko Medellín ulifanyika mwaka 1968. Watu wengi, hata wasomi, husema kwamba jumuiya hizi tuliziiga kutoka Brazili. Tungependa mjue, bila majivuno lakini bila aibu pia, kwamba maaskofu wetu waliliwaza jambo hili kwa ajili ya watu wao na kwa shida zao wenyewe. Mtaguso nao, mwaka 1964, katika hati yake juu ya Kanisa, uliita familia kwa jina la Kanisa la nyumbani. Maaskofu wa Afrika ya Mashariki walizifanya jumuiya ndogondogo kuwa kazi yao ya kwanza mwaka 1976.

Kisha jaribio likaja. Mwaka 1972 utawala wa Mobutu ulikataza majina ya Kikristu, na ukavunja vyama vya vijana vya kidini ili vijana wote wawe chini ya chama kimoja cha taifa. Kardinali Malula alilazimika kukaa ng'ambo kwa miezi kadhaa. Mwaka 1974 serikali ilichukua shule za Kanisa, na Noeli ikaacha kuwa siku ya mapumziko. Shule zilirudishwa kwa mapatano ya mwaka 1977, lakini kwa miaka hiyo kadhaa kijana Mkatoliki hakuwa na chama, wala shule yenye jina la mtakatifu wake. Alibaki na nini? Alibaki na nyumba yao na nyumba ya jirani. Serikali iliweza kufunga ofisi ya chama. Haikuwa rahisi kumzuia mama asiwakaribishe majirani wanane kusali rozari. Kwa maoni yetu, miaka hiyo ya kunyimwa ililikuza shirika kuliko barua nyingi za kichungaji. Kule Kinshasa, Malula alianza mwaka 1975 kuwakabidhi walei uongozi wa parokia, wale walioitwa bakambi.

Kwetu, miaka hiyo ni ya Monsinyori Emmanuel Kataliko, aliyekuwa askofu wetu tangu mwaka 1966 hadi alipopelekwa Bukavu mwaka 1997 kuwa askofu mkuu, miezi michache baada ya kuuawa kwa Monsinyori Munzihirwa. Ujumbe wake wa Noeli ya mwaka 1999 uliwaudhi waliokuwa wakitawala kwa silaha, nao Februari 2000 walimzuia kurudi Bukavu wakamhamishia Butembo. Hivyo yule aliyewahi kuwa mwenyeji wetu kwa miaka thelathini alirudi kwetu akiwa mgeni kwa nguvu. Aliruhusiwa kurudi jimboni kwake Septemba, na tarehe 4 Oktoba 2000 alifariki Roma.

Yaliyofuata mnayajua kwa macho yenu. Tangu Oktoba 2014 mauaji yamewaondoa watu mashambani kuzunguka Mbau, Oicha na Eringeti. Wengi wao hawakuingia kambini. Waliingia majumbani mwa ndugu, marafiki, hata watu wasiowajua. Mwaka 2018 Ebola ikaja juu ya vita: kuanzia Agosti mwaka huo hadi Juni 2020 iliua watu zaidi ya 2,200. Kupeana amani kwa mikono kukakoma, ndoo ya maji yenye dawa ikawekwa mlangoni, na jirani akamwogopa jirani. Tarehe 27 Juni 2021, siku ya Dominika, bomu lililipuka asubuhi katika kanisa la Emmanuel-Butsili mjini Beni, siku ambayo vijana walikuwa wapokee Kipaimara, likajeruhi wanawake wawili. Hatusemi kwamba nyumba ni salama kuliko kanisa. Mauaji mengi yametokea majumbani. Tunasema tu kwamba anayefungua mlango wake katika mji wa namna hiyo anatoa kitu cha thamani, na anastahili kutambuliwa.

Na hapa ndipo tunapoona hatari ya Korinto ikirudi. Njia yenyewe ya shirika ni nyepesi: wimbo, Injili, kimya, kushirikishana neno, sala, na kukubaliana ni mgonjwa yupi atembelewe. Hatua saba zinazotumiwa mahali pengi, zilizotoka Taasisi ya Lumko ya Afrika Kusini, hazidai kitu isipokuwa Biblia na watu. Lakini desturi imeongeza chai. Kisha mandazi yakafuata chai. Kisha, katika nyumba ya mwenye duka, soda na nyama. Juma linalofuata zamu humwangukia mjane anayepanga chumba kimoja, naye hutuma ujumbe kwamba ana safari. Hana safari. Hana viti. Mara ya tatu jina lake huondolewa kwenye orodha, kwa huruma, kama wanavyosema, na familia iliyokimbia kutoka Eringeti haiandikwi kabisa kwa kuwa yenyewe iko kwa wenyewe.

Wazee wetu Wanande walikuwa na kyaghanda, mahali pa moto ambapo mgeni alipokelewa, ugomvi ulisuluhishwa na vijana walifundishwa. Palikuwa pa wanaume, na shirika limepanua mlango huo kwa kuwaketisha kina mama na watoto. Ila mgeni wa kyaghanda hakuhesabu vyungu vya mwenyeji. Alipewa moto na nafasi ya kuketi.

Mashirika mengine yamekwisha kuamua kwamba mwenyeji atatoa maji ya kunywa tu, awe tajiri au maskini, na kwamba anayeishi kwa watu ana zamu yake kama wengine, uwanja ukiwa wa mwenye nyumba na uongozi wa sala ukiwa wake. Mahali uamuzi huo ulipofaulu, vijana ndio waliouwezesha. Saa moja kabla ya sala huchukua mabenchi kutoka kikanisani, wawili wawili, wakapita nayo njiani hadi nyumba yenye zamu. Na sala ikiisha huyarudisha kabla giza halijaingia.