Ndizi za Kahororo, Tambi za Bangkok

Kahororo ni kata ya Manispaa ya Bukoba, na Watanzania wengi wanaifahamu kwa sekondari yake. Ukiuliza chakula cha huko, kama kokote Buhaya, eneo la Wahaya mkoani Kagera, jibu la kwanza ni ebitooke: ndizi za kupika zilizochanganywa na maharage na kuivia sufuria moja. Kwa hiyo mtu akinunua tambi bapa za mchele akazikaanga nyumbani kwa ukwaju na karanga, kwa mtindo wa Thailand, lawama inayomngoja inajulikana: ameacha cha kwao, amefuata cha wageni. Lawama hii si ya kupuuzwa, kwa sababu wanaoitoa wana uchungu na jambo la kweli. Lakini imesimama juu ya dhana mbili ambazo historia haiziungi mkono. Ya kwanza ni kwamba ndizi zimekuwapo Kagera tangu mwanzo wa mambo. Ya pili ni kwamba tambi hizo ni za Thailand tangu enzi na enzi. Vyakula vyote viwili ni vihamiaji. Kilichovifanya viwe vya wenyeji ni kazi waliyovifanyia wenyeji hao, shambani na jikoni, na ndiyo kazi hiyo inayofaa kupimwa tunapouliza chakula kipi ni chetu.

Nianze na tambi, maana habari zake ni za juzi na zimeandikwa. Tambi za mchele zilifika Siam pamoja na wahamiaji kutoka kusini mwa China, walioleta pia ufundi wa kukaanga upesi kwenye karai juu ya moto mkali. Kwa muda mrefu zilihesabiwa kuwa chakula cha Wachina. Mwaka 1938 Plaek Phibunsongkhram, mwanajeshi mwenye siasa kali za utaifa, akawa waziri mkuu. Mwaka uliofuata nchi ikaacha jina la Siam ikaitwa Thailand, na zikaanza kutolewa amri za kitamaduni zilizowaelekeza raia waheshimu bendera vipi, wavae nini na wanunue bidhaa za nani. Vita vya Pili vya Dunia vilipofika, na mafuriko makubwa ya 1942 yakaifunika Bangkok, serikali ikawahimiza watu wale tambi na waziuze mitaani kwa mikokoteni, kwa hoja kwamba zingepunguza matumizi ya mchele. Watafiti wanabishana kama mapishi yenyewe yalibuniwa katika miaka hiyo au yalikuwapo tayari majikoni. Lisilobishaniwa ni kwamba hapo ndipo yalipovishwa jina la taifa na kuitwa tambi za kukaanga za Kithai. Mwaka 2002 serikali ya nchi hiyo ikaanzisha mpango wa kuongeza migahawa ya Kithai ughaibuni, na sahani iliyokuwa ya wahamiaji ikawa balozi wa wenyeji.

Ukiitazama sahani hiyo ikipikwa, hoja inazidi kukaa wazi. Tambi hulowekwa katika maji yasiyochemka mpaka zilegee bila kuiva. Kikaangoni huanza mafuta, kitunguu saumu, kamba wadogo waliokaushwa na yai. Zikifuata tambi, humiminiwa mchuzi wa ukwaju, sukari na maji ya samaki waliochachushwa, zikageuzwa upesi mpaka ziunyonye wote. Mwisho huja chipukizi za choroko, karanga zilizopondwa, pilipili ya unga na kipande cha ndimu. Karanga na pilipili asili yake ni Amerika. Zilivuka bahari baada ya Wareno na Wahispania kufungua njia zao. Ukwaju, unaoipa sahani hii ule uchachu wake, ni mti wa Afrika. Unaota wenyewe katika nyika kavu za Tanzania, na ulisafiri kwenda Asia zamani sana, kiasi kwamba wataalamu wa mimea wa Ulaya waliupa jina la kisayansi linaloutaja kuwa wa India. Mtu wa Kahororo anayenunua ukwaju uliotoka nyanda kavu za katikati ya nchi ili akaange tambi hizi anatumia tunda la bara lake mwenyewe.

Habari za ndizi ni ndefu zaidi na ndizo zinazotuhusu. Mgomba ulianza kufugwa katika ukanda wa Kusini-Mashariki mwa Asia na Guinea Mpya. Ndizi tunazokula hazina mbegu, kwa hiyo haziwezi kusambazwa na ndege wala upepo. Kila shina lililoko Kagera leo linatokana na chipukizi lililong'olewa na mkono wa mtu, likabebwa, likapandwa na mtu mwingine. Ziliwasili Afrika lini na kwa njia ipi, wanaakiolojia bado wanavutana. Kwa upande wa Maziwa Makuu, mwanahistoria David Schoenbrun, katika kitabu chake cha 1998 kilichojengwa juu ya ulinganisho wa lugha za eneo hili, anaonyesha kwamba kilimo cha migomba cha kutegemewa kabisa kilistawi katika miaka elfu moja iliyopita. Wimbi na mtama vilitangulia. Alama ya utangulizi huo ipo hadi leo: rubisi, pombe ya ndizi ya Wahaya, haichachi vizuri bila unga wa mtama. Nao mafundi waliofua chuma Katuruka, si mbali na mji wa Bukoba, walikuwa kazini takriban miaka 2000 iliyopita, karne nyingi kabla ya mgomba kutawala vilima hivi.

Lakini mgomba ulipofika, haukubaki ulivyokuja. Tafiti za vinasaba zimeonyesha kwamba ndizi za kupika za nyanda za juu za Afrika Mashariki zinakaribiana mno, kana kwamba zote ni watoto wa mama mmoja au wawili. Hata hivyo Uganda peke yake zimeorodheshwa aina zaidi ya 80, na Kagera mkulima ataitambua Enchoncho, Enshakala, Entobe au Enyoya kwa kuangalia mkungu ulivyoning'inia. Uwingi huu ulizaliwa hapa. Mmea usio na mbegu hubadilika kidogokidogo, shina moja likitoa mkungu mrefu kuliko wenzake au vidole vilivyojipinda, na ni jicho la mkulima lililoamua chipukizi lipi litunzwe na lipi liachwe. Kazi hiyo ilirudiwa kwa vizazi vingi na wakulima ambao hakuna aliyeandika majina yao. Ukienda kuzitafuta ndizi hizi kwa jamii yake katika mashamba ya kale ya Asia, huzikuti. Mgeni alizaa wenyeji.

Kazi kubwa kuliko hiyo ilikuwa ya udongo. Bukoba hupata mvua ya takriban milimita 2000 kwa mwaka, na mvua nyingi namna hiyo huosha rutuba. Ndiyo maana rweya, yale majani mafupi yanayotenganisha kijiji na kijiji, ni ardhi dhaifu ambayo mtu hulima msimu mmoja na kuiacha ipumzike. Kibanja kilichoko hatua chache kutoka hapo ni cheusi, laini, chenye kivuli, na mgomba wake unaweza kurithiwa na wajukuu. Tofauti hiyo haikuletwa na maumbile. Imetengenezwa: nyasi zilikatwa rweya na kubebwa kichwani zikatandazwa chini ya migomba, samadi ikatolewa zizini, majivu na maganda yakatoka jikoni, mwaka baada ya mwaka. Sotoka ilipoangamiza ng'ombe miaka ya 1890, kilichopotea hakikuwa maziwa na nyama tu, bali pia chakula cha migomba. Kwa hiyo anayesema ebitooke ni chakula cha asili cha Mhaya anasema kweli, ila asili hiyo imetengenezwa kwa jembe na kwa mzigo wa nyasi. Jikoni nako yametokea hayohayo. Waganda huzivukiza ndizi ndani ya majani ya mgomba na kuziponda; Wachaga huzipika na nyama wakapata mtori; Wahaya huziacha nzima na kuzipika pamoja na maharage. Na maharage hayo yenyewe, kama karanga za Bangkok, asili yake ni Amerika.

Kahawa inathibitisha hoja hii kwa upande wa pili. Robusta ni mmea wa misitu ya eneo hili. Wahaya walikuwa wakichemsha buni na majani yenye harufu nzuri, wakazikausha na kuzitafuna, wakampa mgeni anapoketi, wakazitumia katika udugu wa kuchanjiana, nao Abakama, watawala wa Kihaya, walisimamia kwa ukali nani aruhusiwe kuupanda mti huo. Baada ya Emin Pasha kuanzisha kituo cha Kijerumani Bukoba mwaka 1890, na hasa chini ya Waingereza, kahawa ikageuzwa kuwa zao la kulipia kodi na ada. Leo nyingi inaondoka kwa magunia, na nyumba nyingi zinazoilima hunywa chai. Kama asili peke yake ingetosha kukifanya kitu kiwe chetu, kahawa ndiyo ingekaa katikati ya meza ya Mhaya na ndizi ikakaa pembeni. Imekuwa kinyume, kwa sababu ndizi ilipewa kazi ya kulisha watu nyumbani, na kahawa ikapewa kazi ya kulisha soko la wengine.

Kuna atakayepinga kwamba kulinganisha hivi si haki: ndizi ilizoeleka kwa karne nyingi na kwa hiari ya wakulima, wakati tambi zilisukumwa na serikali ndani ya miaka michache. Kuhusu muda, nakubali. Kuhusu hiari, sikubali moja kwa moja. Migomba ya Buhaya haikukua nje ya utawala. Chini ya nyarubanja, watu waliolima vibanja vyao waliwekwa chini ya mabwana waliopewa haki hiyo na mkama, wakatoa sehemu ya mazao, pombe ya ndizi ikiwamo, na kutumikishwa. Mfumo huo ulifutwa kwa sheria baada ya uhuru tu, katika miaka ya 1960. Wenye nguvu waliufaidi mgomba kama Phibunsongkhram alivyozifaidi tambi. Nchi zote mbili chakula kilikaa baada ya amri na ushuru kupita, kwa sababu wapishi walikipenda na wakaendelea kukipika bila kulazimishwa.

Pingamizi lenye uzito zaidi ni la uchumi, na hili halijibiki kwa urahisi. Ndizi ilipohamia Kagera ilihamia kama mmea: aliyeipokea aliweza kuizalisha mwenyewe na kumgawia jirani chipukizi. Tambi zinahamia kama pakiti. Pesa inaondoka, ujuzi wa kuzitengeneza hauji, na duka likifungwa mlo umekwisha. Njia hii ya pakiti si mpya. Reli kutoka Mombasa ilipofika Kisumu mwaka 1901 na meli zikaanza kuzunguka ziwa, unga wa ngano, sukari na mchele vilishuka bandarini Bukoba kwa namna hiyohiyo, na maduka ya Wahindi yakavisambaza. Watu wa pwani nao wamepika tambi nyembamba za ngano kwa sukari, iliki na tui la nazi kwa muda mrefu, na hakuna anayemwambia Mzanzibari kwamba futari yake ni ya kigeni, ingawa ngano haioti Unguja. Hii inaonyesha kwamba chakula cha dukani nacho kinaweza kuwa cha mahali, ila huwa cha mahali kwa sehemu ile tu ambayo mpishi ameifanyia kazi. Mpishi wa Kahororo anayetoa kamba wakavu wa Thailand na kutia dagaa wa ziwa, anayeponda karanga zilizolimwa Kagera, amekwisha kuanza kazi hiyo. Anayefungua pakiti na kufuata maelekezo ya nyuma hajaianza. Hayo ndiyo mambo ya kubishania, na hayahusu utaifa wa tambi.

Wala si tambi zinazoitishia sahani ya Mhaya. Kwa miongo mingi fukusi wamekuwa wakila mashina, ng'ombe wamepungua, rweya imemegwa kwa nyumba na mashamba ya miti, na vibanja vimegawanywa kwa urithi mpaka vingine havitoshi kulisha familia. Miaka ya 2000 ukaingia mnyauko wa bakteria, ambao wakulima wa Kagera wanauita unyanjano. Muleba ni miongoni mwa wilaya zilizoupata mapema. Unakausha mgomba ukiwa na mkungu juu, na ukikata ndizi ndani unakuta imeoza kabla haijaiva. Aina za ndizi za FHIA, taasisi ya utafiti ya Honduras, zilizogawiwa Kagera tangu mwishoni mwa miaka ya 1990, zilisaidia kujaza mashamba, ingawa walaji wengi wanasema zikichemshwa hazifikii Enshakala. Hata hapo ni mgeni mwingine anayesubiri kufanyiwa kazi, na kituo cha utafiti cha Maruku kiko jirani kwa kazi kama hiyo.

Kwa hiyo mwenye uchungu na ebitooke, ombi langu kwake ni kwamba uchungu huo aupeleke kibanjani. Ua dume la mgomba livunjwe kwa kijiti chenye panda mara tu mkungu ukimaliza kutoka, panga lipitishwe motoni kabla ya kuhamia shina la pili, mgomba ulionyauka uondolewe mapema, na chipukizi lisipokelewe kutoka shamba lenye ugonjwa. Na wazee wanaozijua aina za ndizi kwa majina waandikiwe majina hayo na wajukuu wao sasa, pamoja na namna kila aina inavyopikwa, maana aina iliyokufa hairudi dukani.