Miaka ya Kuusikiliza Mlima Erebus

Mlima Erebus, wenye urefu wa mita 3,794, umo katika Kisiwa cha Ross, Antaktika. James Clark Ross aliuona ukilipuka mwaka 1841, akaupa jina la meli yake. Kipimatetemeko cha kwanza kilifika kisiwani mwaka 1902 na msafara wa Robert Falcon Scott, kikatunzwa na Louis Bernacchi. Hata hivyo, kilikuwa chombo cha kunasa matetemeko ya mbali, si minong'ono ya mlima wa jirani.

Hamu ya kuuchunguza mlima wenyewe iliongezeka baada ya ziwa la lava kuonekana ndani ya kasoko mwaka 1972. Maziwa ya namna hiyo yasiyokauka kwa miaka mingi ni machache sana duniani. Nyiragongo, nchini Kongo, nayo imesifika kwa ziwa lake. Mwaka 1980 wanasayansi wa Japani, Marekani na New Zealand walianza kutandaza vipimatetemeko mlimani, taarifa zikisafiri kwa mawimbi ya redio hadi kituo cha Scott Base.

Kazi hiyo ilikuwa ngumu kupita kiasi. Wakati wa baridi jua halichomozi kwa takriban miezi minne, hivyo paneli za sola hazifui dafu. Betri huishiwa nguvu na antena huelemewa na barafu. Barafu yenyewe hupasuka na kutikisa ardhi, na mtaalamu hulazimika kutofautisha mtikisiko huo na ule wa volkano. Licha ya hayo, mitambo ilikuwa kazini Septemba 1984, milipuko ilipozidi na mabonge ya lava kurushwa nje ya kasoko.

Faida kubwa zaidi ilikuja baadaye. Kuanzia Desemba 1996, vyombo vyenye uwezo wa kunasa mawimbi ya polepole sana vilionyesha kwamba ardhi huanza kusogea sekunde chache kabla ya mlipuko, pale kiputo kikubwa cha gesi kinapopanda kuelekea ziwani. Kiputo kikishapasuka, mawimbi huendelea kwa dakika kadhaa, lava ikijaza upya nafasi iliyoachwa.

Katika kiangazi cha 2008/09, watafiti walizika makumi ya vipimatetemeko na kulipua baruti barafuni. Kasi ya mawimbi ilidokeza kwamba hifadhi ya magma iliyo karibu na kilele imeegemea upande wa kaskazini-magharibi wa ziwa.