Ustahimilivu wa ukame katika seli za mimea

Uwezo wa seli kubaki hai maji yanapopungua. Katika nyanda za Hanang na Mbulu, wanakochunga Wabarbaig na kulima Wairaqw, mfano ulio karibu ni mtama. Udongo ukikauka, homoni ya mmea iitwayo asidi ya absisiki huongezeka. Kwa hiyo seli linzi hupoteza potasiamu, hulegea, na stomata (vitundu vya jani) hujifunga. Kemikali za prolini na glisini betaini hurundikana ndani ya seli, zikizuia maji yasitoke.

Ajabu zaidi ni *Craterostigma plantagineum*, mmea mdogo wa Afrika Mashariki unaopoteza karibu maji yake yote bila kufa. Unapokauka, hugeuza sukari iitwayo oktulosi kuwa sukrosi. Hiyo, pamoja na protini za dihidrini, hukinga utando wa seli. Mvua ikinyesha, majani yaliyojikunja hukunjuka ndani ya siku moja hivi. Mtama hauwezi hilo.