Machu Picchu: Malazi nafuu na vivutio katika magofu ya Wainka

Magofu ya Machu Picchu nchini Peru ni miongoni mwa vivutio vinavyotamaniwa mno na watalii duniani, lakini safari ya kuyafikia humgharimu mtu fedha nyingi. Hakuna barabara ya magari inayofika katika mji ulio chini ya magofu hayo kutoka jiji la Cusco, na garimoshi, ambalo nauli yake kwa wageni ni ghali, ndilo usafiri mkuu. Hata hivyo, msafiri asiye na kitita kikubwa anaweza kuyaona iwapo atachagua vyema mahali pa kulala na njia ya kupitia.

Machu Picchu, jina ambalo kwa lugha ya Kikechua lina maana ya mlima mzee, ipo kwenye kimo cha takribani mita 2,430 juu ya usawa wa bahari. Wataalamu wengi huamini kuwa ilijengwa katika karne ya 15 kama makao ya mfalme Pachacuti, kisha ikahamwa karne iliyofuata, enzi ambapo Wahispania waliiteka dola ya Wainka. Wenyeji waliendelea kulima karibu na hapo, na mkulima Agustín Lizárraga alifika mwaka wa 1902. Lakini aliyeitangaza kwa ulimwengu ni Mmarekani Hiram Bingham, aliyefika Julai 24, 1911 akiongozwa na wakazi wa eneo hilo. UNESCO iliiorodhesha kuwa Turathi ya Dunia mwaka wa 1983.

CUSCO NA OLLANTAYTAMBO

Wageni wengi huanzia Cusco, uliokuwa mji mkuu wa Wainka. Jiji hilo lina hosteli nyingi ambamo wageni hulala katika vyumba vya pamoja vyenye vitanda vya ghorofa, pamoja na nyumba ndogo za wageni zinazoendeshwa na familia. Bei huwa nafuu kadiri mtu anavyojitenga na uwanja mkuu wa Plaza de Armas, ingawa hapo hulazimika kupanda vilima kwa miguu.

Kikwazo ni hewa. Cusco ipo kwenye kimo cha takribani mita 3,400, mara mbili ya kimo cha Nairobi. Si ajabu mgeni aumwe na kichwa, akose usingizi na kuishiwa na pumzi. Wenyeji hunywa chai ya majani ya koka, lakini dawa ya hakika ni kupumzika na kupanda polepole. Kwa sababu hiyo, wengi hukata shauri kulala kwanza Ollantaytambo, mji wa Bonde Takatifu ulio karibu mita 2,800 juu ya bahari.

Mji huo una manufaa mengine. Garimoshi la kutoka hapo hutumia chini ya saa mbili, na nauli yake kwa kawaida ni ndogo kuliko ya kutoka Cusco kwenyewe. Mgeni hupanda matatu za bei nafuu kutoka Cusco hadi hapo. Isitoshe, vichochoro vyake vya mawe vimekaliwa tangu enzi za Wainka, na juu yake pana ngome ambapo Manco Inca aliwashinda Wahispania walioongozwa na Hernando Pizarro.

MJI ULIO CHINI YA MAGOFU

Mji wa Aguas Calientes, ambao pia huitwa Machupicchu Pueblo, umebanwa kati ya milima mikali na mito inayopita katikati yake. Reli hupita mle mle mjini, na malazi yake ni ya kila aina, kuanzia hoteli za kifahari hadi mabweni. Vyumba vya bei ya chini aghalabu huwa mbali na kituo, huku vile vinavyopakana na mto au reli vikiwa na kelele. Wageni wasio wakazi wa Peru wanaoonyesha pasipoti husamehewa ushuru wa asilimia 18 katika malazi, kwa hivyo ni busara kuulizia iwapo bei iliyotajwa imeuondoa.

Chakula katika mikahawa inayoelekeana na reli ni ghali. Sokoni, wenyeji hula mchuzi na wali kwa bei ndogo zaidi. Jioni, mgeni anaweza kuoga katika chemchemi za maji moto zilizoupa mji jina lake.

Wanaokwepa nauli ya garimoshi huzunguka kwa gari kupitia Santa María na Santa Teresa hadi kwenye kituo cha umeme wa maji, safari ya saa sita au zaidi, kisha hutembea takribani kilomita 10 kando ya reli. Gharama hupungua, lakini barabara hiyo ni nyembamba, ina magenge ya kutisha, na maporomoko huifunga wakati wa mvua.

KATIKA MAGOFU

Kutoka mjini, basi hupanda kona kwa kona kwa muda wa dakika 25 hivi hadi langoni. Asiyetaka kulipa nauli hupanda ngazi za mawe kwa karibu saa moja na nusu.

Tiketi huwa na tarehe, saa na njia maalumu, nayo huhitaji pasipoti. Tangu Januari 2024, wageni wanaoruhusiwa ni 4,500 kwa siku, na 5,600 katika siku zilizotengwa za msimu wa juu. Tangu Juni 2024 pana njia kuu tatu. Ya kwanza hupita juu, panapopigwa picha mashuhuri. Ya pili huvuka mji wenyewe. Ya tatu huzunguka sehemu ya chini na Hekalu la Jua. Anayetaka kupanda mlima Huayna Picchu hukata tiketi ya pekee mapema sana. Hakuna vyoo ndani, wala mtu haruhusiwi kutoka na kurudi.

Cha kustaajabisha zaidi ni mawe yaliyochongwa yakashikana bila udongo wala saruji, na matuta yaliyozuia mmomonyoko na kupitisha maji ya mvua. Jiwe la Intihuatana lilivunjika pembe mwaka wa 2000, lilipoangukiwa na mtambo uliotumiwa kurekodi tangazo la bia. Vitu ambavyo Bingham alivipeleka Chuo Kikuu cha Yale vilirejeshwa Peru kuanzia 2011, na baadhi huonyeshwa katika makavazi ya Casa Concha mjini Cusco.

MSIMU NA HATARI

Mei hadi Septemba ni kiangazi, na ndipo umati huwa mkubwa. Mvua hunyesha kuanzia Novemba hadi Machi, na bei za vyumba hupungua. Lakini unafuu huo una gharama yake. Januari 2010, mafuriko yaliharibu reli na maelfu ya watalii wakakwama Aguas Calientes hadi walipookolewa kwa helikopta. Magofu yalifunguliwa tena Aprili 1.

Siasa nazo huwakwamisha wasafiri. Serikali ilifunga magofu Januari 21, 2023 kutokana na maandamano, na Januari 2024 wakazi waligoma wakipinga kampuni ya kibinafsi kuuza tiketi. Kwao, kila tiketi na kila kitanda ni riziki. Anayesafiri kwa fedha chache hana budi kubakisha akiba ya siku mbili tatu, kwani reli ikifungwa, bili ya chumba haingoji.