Anwani za IP katika mtandao wa nyumbani

Anwani ya IP ni namba inayokitambulisha kifaa katika mtandao. Nyumbani, namba hizo hugawiwa na ruta kwa utaratibu uitwao DHCP. Kila kifaa hupewa namba kwa muda maalumu, mithili ya mpangaji na chumba. Muda ukiisha bila kuongezwa, namba hiyo yaweza kupewa kifaa kingine.

Kwa simu, mabadiliko hayo hayana madhara. Printa au kamera ya ulinzi ikibadilishiwa namba, huenda kompyuta isiipate tena. Baadhi ya watu huandika namba ya kudumu ndani ya kifaa chenyewe. Lakini ruta isiyo na habari yaweza kuigawa tena namba ileile, vifaa viwili vikagongana na mawasiliano yakakatika.

Njia salama ni kuitenga namba hiyo ndani ya ruta. Mtumiaji hufungua ukurasa wa ruta, mara nyingi kupitia 192.168.0.1 au 192.168.1.1, hukichagua kifaa kwa anwani yake ya MAC, kisha huhifadhi. Tangu hapo, kila kinapojiunga, kifaa hicho hupewa namba ileile.