Give up na jina la Dzaleka
Kwa Kiingereza, give up ina maana mbili: kuacha jambo, kama kuacha sigara, au kukata tamaa. Jina la kambi yetu limebeba ile ya kwanza. Kambi ilifunguliwa 1994; kabla yake, enzi za Kamuzu Banda, hapa palikuwa gereza la wafungwa wa siasa. Kwa Kichewa kuleka ni kuacha; Warundi na Wanyarwanda wanasema kureka. Dzaleka ni kama kauli ya mfungwa: nitaacha, sitarudia tena.

Sisi hatukuletwa na kosa, tulikimbia vita. Basi mgeni wa shirika akitoka Lilongwe akatuambia don't give up, mkalimani asiseme "msiache". Vingi tulishaviacha nyumbani. Aseme "msikate tamaa". Hata tamasha letu, tangu 2014, linaitwa Tumaini.